Shuka Uone

Tarehe 2 Machi

Leo asubuhi, kwenye chai, mdogo wangu ametangaza kwamba stoo ya chini itageuzwa chumba. Hakusema "naona" wala "mnaonaje". Ametangaza kwa kusimama, mkate mkononi, kama waziri anayefungua daraja. Mkewe alianza kutikisa kichwa kwa kukubali kabla maneno hayajafika nusu. Mama alikuwa juu chumbani kwake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia aketi kwanza amalize kutafuna.

Chumba ni cha Mama. Magoti yake yamekataa ngazi tangu mwaka juzi, na chumba chake kiko juu, mkabala na changu. Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko. Ukuta mmoja wa stoo umezikwa kilimani, na upande wa pili kuna mlango mfupi unaotokea uani. Akihamia kule, anasema mdogo wangu, Mama atafungua mlango na kutoka nje kwa miguu yake mwenyewe.

Kuanzia leo nitamwita Mkurugenzi, kwa kuwa ndivyo anavyotembea. Na nimefungua daftari hili. Ni daftari la ukaguzi lililobaki nilipostaafu. Miaka thelathini na moja nilikagua mizani za wenye maduka, na hakuna muuza sukari aliyenipita na jiwe lililochimbwa tumbo. Nitaandika kila upuuzi utakaofanyika chini ya sakafu ninayokanyaga, kwa tarehe. Siku wakilia, ushahidi upo.

Tarehe 5 Machi

Fundi amekuja. Ana simu tatu na nyundo moja. Alizunguka stoo kwa dakika nne, akagonga ukuta hapa na pale kama daktari anayejua mgonjwa hana wa kumuuliza maswali, akasema, "Hii kazi ndogo. Tunaanza kesho."

Mkononi alishika pima maji lenye kioo kilichopasuka, maji yote yamekauka. Alipotoka nilimuuliza anapimia nini.

"Napimia kwa jicho, mzee. Hii ni ya kuwatuliza wateja."

Mtu wa namna hii, enzi zangu, ningemfungia duka.

Tarehe 6 Machi

Fundi hajaja. Kasema kesho.

Tarehe 7 Machi

Kesho imefika, fundi hajafika. Nimempa jina la Kesho.

Tarehe 9 Machi

Kesho amekuja. Niandike sasa jambo moja, halafu nilifunge.

Nyumba hii ina maji chini yake. Masika yakikolea, maji ya kilimani hupenya chini ya ule ukuta uliozikwa na kujaa stoo. Baba, aliyeijenga, aligundua hilo akiwa ameshaezeka, akafanya alichoweza. Aliilaza sakafu kidogo kuelekea pembe moja, na kwenye pembe hiyo akaacha mdomo wa mfereji unaopita chini kwa chini hadi bondeni. Wakati wa kiangazi mdomo huzibwa kwa jiwe ili panya wasipande. Mvua zikikaribia, jiwe huvutwa. Ndiyo maana stoo ile haijawahi kukaliwa na mtu.

Jiwe halivutwi ovyo. Lina namna yake, na lina mtaimbo wake. Baba alinionyesha nilipotimiza miaka kumi na miwili. Mdogo wangu aliachwa mlangoni analia. "Hii ni ya mtoto wa kwanza," Baba aliniambia. "Nyumba yenye maji chini haina mnunuzi. Usiseme mpaka uulizwe, tena uulizwe na mtu wa humu ndani." Tangu afariki, kila mwezi wa tatu nashuka peke yangu na kulivuta, na kila mwezi wa saba nalirudisha. Ni miaka tisa sasa.

Mwaka huu stoo imejaa mifuko ya saruji na watu wanaojua kila kitu. Mtaimbo uko huko huko chini. Wakitaka kujua, mlango wangu wanaujua. Kuuliza si ujinga.

Sijaulizwa.

Tarehe 12 Machi

Kesho amevunja rafu za Baba. Mchwa walizishindwa kwa miaka arobaini, yeye hakuchukua hata saa nzima.

Tarehe 14 Machi

Mkurugenzi alipanda jikoni amejaa vumbi mpaka kwenye kope. "Kaka, shuka uone."

"Nione nini?"

"Shuka tu uone tulipofika."

Nikamwambia nina kazi. Nilikuwa nakata kucha. Alisimama pale kwenye ngazi ya juu, akatazama kucha, akatazama miguu yangu, akarudi chini. Tangu utoto ana tabia hiyo ya kusimama na kutazama, badala ya kufungua mdomo aseme anachotaka. Mtu akitaka ushauri husema "nishauri". Sikuzaliwa jana, najua tofauti ya kuombwa ushauri na kuitwa kupiga makofi.

Tarehe 17 Machi

Kesho alikuwa ananawa miguu bombani uani, nami napita zangu. Hata hakunisalimu vizuri.

"Mzee, huyu mdogo wako ana lake jambo. Nataka kuinyoosha sakafu, hataki. Anasema vigae vifuate sakafu ilivyo, ilale hivyo hivyo. Mimi kupiga vigae kombo kwa kuagizwa sijawahi. Kombo yangu huwa inakuja yenyewe."

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Baba aliilaza sakafu kwa sababu. Huyu anailaza kwa uvivu, hataki usumbufu wa zege jipya. Mwanamume wa miaka hamsini na minane, ana shahada mbili, anamlaza mama yake kwenye sakafu ya kuteleza. Nimeandika: kosa la pili, baada ya pima maji.

Tarehe 18 Machi

Vigae ni vya kijivu. Nimeviona vikiingia. Choo cha stendi kina vizuri zaidi.

Tarehe 20 Machi

Asubuhi nilimpelekea Mama chai kama kawaida. Mwaka wa sita huu, kila siku, tangu alipoanza kuugua. Akiwa tayari hugonga ukuta kwa fimbo yake mara tatu, nami nachemsha. Hapendi sukari nyingi, na hapendi kuulizwa kama anapenda sukari nyingi. Hilo shemeji, mke wa mdogo wangu, hajalijua mpaka leo.

Leo alikuwa na maneno. "Unajua mara ya mwisho kukanyaga udongo ilikuwa lini?"

Nikasema ile siku tuliyorudi kutoka hospitali.

"Siku hiyo nilivaa viatu," akasema. "Mimi nataka kukanyaga tope. Kabla sijawekwa ndani yake, nataka nilikanyage kwanza." Akanywa. "Huko chini kuko sawa?"

"Wanajua wenyewe."

"Hawajui kitu wale. Mimi naenda kwa sababu wewe upo."

Nilichukua kikombe kikiwa bado na chai, akanirudisha nimpe amalizie.

Tarehe 22 Machi

Shemeji ametumia siku mbili kuchagua rangi. Ameleta vikaratasi kumi na sita, vyote vyeupe. Kila kimoja kina jina lake, na yeye anayataja kama majina ya wajukuu. Akanionyesha kimoja. "Shemeji, hiki na hiki, kipi kinatuliza?" Nikamwambia vyote viwili vimenituliza mpaka nasinzia. Alicheka, maskini, alidhani ni sifa.

Mkurugenzi naye, akitoka: "Kaka, jioni shuka uone ile pembe."

Pembe! Mtu anataka nishuke ngazi kumi na tatu nikasifie pembe. Sikushuka.

Tarehe 23 Machi

Sijaulizwa.

Tarehe 27 Machi

Kituko cha leo kimepita vyote. Kwenye ile pembe, chini kabisa, Mkurugenzi amemwagiza seremala kijilango cha mbao, kimo cha goti, na bawaba za shaba. Kesho ndiye aliyeniambia, akiwa amekasirika kweli, kwa sababu alikuwa ameshapanga vigae mpaka pale, na ameambiwa abandue vinne.

"Namuuliza bosi, hiki kikabati cha nini? Anasema cha kuwekea vitu. Vitu gani vinakaa chini hivyo, mzee? Viatu vya panya?"

Kwa mara ya kwanza mimi na Kesho tulikubaliana. Nimeliandika jina rasmi: kabati la panya. Nikafikiri, basi wamelifungia jiwe la Baba ndani ya fenicha, hawajui hata wamelifungia nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukweli ni kwamba mkuu hajasema, lakini methali haijali hayo.

Wakati wa chakula Mkurugenzi aliniambia tena, macho yakiwa kwenye sahani, "Kaka, si ushuke tu uone. Dakika moja."

"Una swali?" nikamuuliza. Nilimwuliza wazi kabisa, mbele ya mkewe.

Akatafuna. "Hapana. Uone tu."

Basi.

Tarehe 29 Machi

Manyunyu. Udongo unanuka. Kwa kawaida ningekuwa nimeshavuta jiwe wiki mbili zilizopita.

Tarehe 1 Aprili

Chumba kimekwisha, kwa mujibu wa Kesho, ambaye ameondoka akiacha ndoo mbili, kandambili ya mguu wa kushoto na ahadi ya kurudi kurekebisha kitasa kesho. Majirani wawili walikuja kushangaa. Nilisikia "lo!" na "kama hoteli!" zikipanda kutoka chini. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawa wamelitia maji kabla ya sifa.

Mkurugenzi alikuja mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo halifanyi. Alikuwa amenawa, amevaa shati. "Kaka. Kabla hatujamhamisha Mama. Shuka uone."

Nilitaka kushuka. Niliandike hilo. Nilishaingiza mguu mmoja kwenye kiatu. Halafu akaongeza, "Watu wote wameshaona, umebaki wewe," na mguu ukatoka wenyewe.

Tarehe 3 Aprili

Wamemshusha Mama kwa kiti, Mkurugenzi mbele, Kesho nyuma (alikuja kwa ajili ya ndoo zake), shemeji akipiga kelele za "taratibu!" kama mwamuzi. Mimi nilishika mlango wa jikoni ule unaoelekea chini. Mwisho wangu ulikuwa hapo. Mama alipopita alinitazama, fimbo imelala mapajani.

Jikoni kuna bomba la chuma linaloshuka mpaka chumbani kwake. Wamemwambia akitaka kitu aligonge kwa fimbo, sote tutasikia.

Tarehe 4 Aprili

Nimechemsha chai ya watu wawili. Nilikuwa nimeshamimina ndipo nikakumbuka. Shemeji alishampelekea, kwenye chupa ya chai yenye maua, ili "asisubiri". Nilikunywa vikombe vyote viwili nimesimama.

Kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili, niseme ukweli. Sitaki chumba kile kifae. Kikifaa, Mama atakuwa na mlango wake, na ua wake, na chupa yake ya maua, na mimi nitakuwa mzee mmoja anayeishi ghorofani kwa mdogo wake akikata kucha. Nimestaafu kazi moja tayari. Hii ya pili sikuomba kustaafu.

Nikisema habari ya jiwe, nimewamalizia chumba mimi mwenyewe. Nisiposema, kitajiangusha. Ndiyo hesabu ilivyo, na imeandikwa kwa mkono wangu. Nimeona aibu kuisoma, lakini sikuifuta.

Tarehe 5 Aprili

Mvua. Sijaulizwa.

Tarehe 6 Aprili

Mvua. Bomba halijagongwa hata mara moja. Mama hajambo, wanasema.

Tarehe 8 Aprili

Mvua kutwa. Mama hajatoka nje, kuna utelezi. Shemeji anasema wanangoja jua litoke siku moja tu, wamvalishe viatu vya mpira. Viatu! Wamekaa naye miaka yote hiyo na hawajui anataka nini.

Tarehe 9 Aprili

Sijaulizwa.

Tarehe 13 Aprili

Ukuta umeanza kutoka jasho. Shemeji amepanda na matambaa mara tatu, ameyakamua kwenye sinki huku akinitazama kwa pembe ya jicho. "Shemeji, nyumba za zamani ndivyo zilivyo, eti?" Hilo nalo sikulihesabu kuwa swali. Mtu akimalizia kwa "eti" ameshajijibu.

Nilikuwa nimekaa tu. Nilijua maji yako wapi kana kwamba nayaona. Kwanza jasho, halafu mstari wa unyevu kama kidole, halafu siku ya mvua ya mfululizo yanaingia yote kwa pamoja.

Jioni Mkurugenzi alikuja akakaa mezani mbele yangu. Amekonda. Alikuwa na mchubuko kwenye vidole vya mkono wa kulia, ngozi imetoka. Nikamwuliza amefanya nini.

"Nilijigonga."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani.

"Kaka, ukipata nafasi shuka uone ile pembe."

"Pembe ina nini?"

Nilimtazama usoni. Nilimpa muda. Hata mimi nilikuwa nangoja, sijui tena kwa hamu ya nini. Alifungua mdomo, akaufunga, akakuna ule mchubuko.

"Ah. Shuka tu uone."

Nikasema nitaona. Kichwa kigumu kama cha Baba. Nilipanda kulala nikiwa namdharau kuliko siku zote.

Tarehe 16 Aprili

Naandika kwa haraka, hati yangu si hii.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa moja Mkurugenzi alitoka kwenda kazini, shemeji akafuata. Alipokuwa anafungua mwavuli wake uliovunjika alisema, "Shemeji, utamsikiliza Mama?" Nikamwambia ana fimbo na ana bomba.

Saa tatu niliingia jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na lile bomba. Sikuwa na sababu ya kukaa pale. Nilisema moyoni, akigonga nashuka. Akigonga hata mara moja, si lazima tatu. Mvua ilikuwa inamwagika kilimani kwa sauti ya magunia ya mchele yakifunguliwa.

Saa tatu na nusu, hakuna. Niliweka mkono juu ya bomba. Lilikuwa baridi, na limetulia.

Saa nne kasoro nikafungua mlango unaoelekea chini, kidogo tu, nikasikia. Si sauti ya maji kutiririka. Ni ule ukimya wa maji yaliyojaa mahali, na kitu cha plastiki kinachogonga ukuta taratibu, ndoo au kandambili ya Kesho. Nikarudi kwenye bomba. Niliandika juu pale kwamba ningeshuka akigonga; nilikuwa bado nimeshikilia hilo. Nilikaa na sikio langu juu ya chuma, mwanamume mzima wa miaka sitini na mitatu, nikimngoja mama yangu aniombe.

Hakugonga. Na nikajua hatagonga. Nilijua kwa sababu ni mimi yule. Mimi ningekuwa mahali pake, nisingegonga.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Najua nilikuwa pekupeku.

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mama alikuwa ameketi kitandani, wima, kitenge kimekunjwa mpaka magotini, miguu yote miwili ndani ya maji, fimbo imelala mapajani vile vile kama siku ile walipomshusha. Hakuwa anaogopa. Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilikuwa imekaa siku nyingi.

"Mama! Mbona hukugonga?"

"Nigonge nini? Wewe hulijui jiwe liliko?"

"Nilikuwa nangoja..."

"Na mimi nilikuwa nangoja," akasema. "Nilitaka kuona kama nimezaa mtu."

Nilikwenda kwenye ile pembe. Maji yote ya chumba yalikuwa yanaelekea kule, nilihisi yakinisukuma miguuni. Vigae vya kijivu vilikuwa vimelala sawasawa na mkono wa Baba, havikuzidi wala havikupungua. Nilipiga magoti, nikalifungua kabati la panya.

Jiwe lilikuwa humo. Limesuguliwa. Saruji yote ya vigae iliyolizunguka ilikuwa imetolewa kwa uangalifu, na kingo zimekwaruzwa. Mtu alijaribu kulivuta, akalivuta kijinga, moja kwa moja, akashindwa. Na juu ya jiwe, kwenye vibao viwili vilivyopigiliwa kwa ajili hiyo tu, ulilala mtaimbo wa Baba. Umetolewa kutu na kupakwa mafuta. Mahali pa kushikia pamefungwa kitambaa kipya, kwa kuwa vidole vyangu siku hizi vina baridi yabisi.

Nilikaa ndani ya maji. Niliutazama ule mtaimbo, na nilimkumbuka mtoto mmoja analia mlangoni.

Halafu nikafanya kazi. Unalisukuma kwanza ndani, inchi moja. Unalizungusha kuelekea kilimani, mpaka lipige kelele. Ndipo unavuta. Lilitoka na pumzi kubwa, maji yakaingia mdomoni mwa mfereji yakizunguka, na baada ya dakika chache nikasikia kule mbali bondeni yanatoka.

Mama alitazama mstari wa maji ukishuka kwenye miguu yake. Vidole vilipoonekana alivichezesha.

"Sasa chai," akasema. "Ile ya mke wa mdogo wako ni sharubati."

Tarehe 17 Aprili

Mkurugenzi alirudi jana jioni amelowa, barabara ilikuwa imefungwa. Alikuta nimeanika mikeka ya Mama jikoni. Hakuuliza. Alishuka mbio, akakaa huko kitambo, akapanda.

Leo asubuhi nilimfuata mimi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua lipo. Kila mwaka nilikuwa nakuona unashuka mikono mitupu, unapanda una tope. Tulipobandua rafu nikaliona. Sikujua linavutwaje. Nimejaribu mara mbili." Akanionyesha vidole.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenicheka mpaka mwakani, Kaka. Tena Baba alikwambia wewe. Alinitoa nje. Sasa mimi nianze kukuuliza vitu vya Baba kwa mdomo gani? Nikasema nitamwekea kila kitu, mlango, mtaimbo, ashuke tu aone. Akiona, atajua la kufanya, na hakuna atakayekuwa amemwomba mwenzake." Akavitazama vidole vyake. "Nilikuita, Kaka. Nilikuita mara ngapi?"

Nimerudi chumbani nikafungua daftari hili. Mkaguzi huanza na mizani yake mwenyewe, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, nami sikuwahi kuikagua. Nimehesabu. Tarehe 14 Machi. Tarehe 22. Tarehe 27. Tarehe 1 Aprili. Tarehe 13. Ni mara tano, kwa hati yangu mwenyewe, na kila moja nimeiandikia dharau pembeni. Ushahidi niliouweka kwa ajili ya siku wakilia.

Mchana nilimwita. Nikamwambia, "Shuka uone."

Alishuka. Nikalirudisha jiwe, nikamwonyesha: sukuma, zungusha kuelekea kilimani, vuta. Alijaribu akazungusha upande wa bondeni. Shahada mbili. Nikamshika mkono nikaugeuza.

Tarehe 20 Aprili

Kesho amekuja kutengeneza kitasa. Ametazama kikabati, ametazama maji yanavyoingia, akasema alijua tangu mwanzo. Huyu sijabadilisha mawazo juu yake.

Tarehe 26 Aprili

Jua limetoka asubuhi, la kuazima, mawingu bado yako kilimani. Nilikuwa jikoni. Bomba halikugongwa. Nilichemsha chai ya watu wawili, sukari kidogo, nikashuka ngazi kumi na tatu, nikapita chumbani. Shemeji alikuwa amesimama ndani na viatu vya mpira mkononi, hana wa kumvalisha. Mlango mfupi ulikuwa wazi.

Mama alikuwa nje, kwenye kiti, miguu mitupu imezama kwenye tope mpaka vifundoni. Alikuwa amefumba macho. Alinisikia.

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

Aliisukuma fimbo yake iliyokuwa juu ya kigoda cha pembeni, ikaanguka topeni.

"Basi kaa."